Nilimsaliti Shoga Yangu kwa Mkanda wa Singo Yake

Nina miaka arobaini na sita, ni mjane, watoto wangu wawili wameshajitegemea, na naishi Makorora hapa Tanga katika nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu. Asubuhi nauza vitumbua. Mchana natengeneza kamera mbovu za zamani, zile za mkanda. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijulikana. Siku hizi mtaani kwangu naitwa "yule aliyemvua nguo marehemu"!

Sitaki unionee huruma, ndugu msomaji. Walionionea huruma mwanzoni ndio hao hao waliokuja kunichungulia dirishani. Majina ya wengine nimeyabadilisha, la kwangu nimeliacha. Naitwa Hidaya. Sina tena cha kuficha.

Marehemu baba yangu alikuwa na studio ya picha Ngamiani, enzi hizo picha zikisafishwa gizani kwa dawa. Ila kulikuwa na mikanda ambayo baba hakuigusa hata siku moja. Ilikuwa mikanda ya shughuli za wanawake... singo na ngoma za ndani, pale bi harusi anaposuguliwa liwa na sandali, na wanawake wamejifunga khanga kifuani, vichwa wazi, wanacheza na kusema watakayo kwa sababu hakuna mwanamume.

Mpiga picha wa shughuli hizo alikuwa mwanamke, na msafishaji alikuwa mama yangu. Mkanda ukiletwa umefungwa uzi mwekundu, baba aliuacha mezani akatoka nje kuvuta sigara. Mama alijifungia, akausafisha, akachapa picha, akazitia kwenye bahasha na kuigundisha pale pale. Bahasha ile haikufunguliwa na mtu mpaka imfikie mwenyewe. Mimi nilikaa na mama mle gizani tangu nina miaka kumi.

Kwa hiyo sheria niliijua! Asije mtu akanitetea kwamba sikujua.

Simu zilipoingia, studio ikafa, na wazazi wakatangulia. Mume wangu naye alipofariki, nyumba ilininyamazia mpaka nikaogopa. Siku moja nikatoa sanduku la baba la bisibisi ndogo na kamera zake mbovu. Nikaanza kufungua moja. Hewa ya chumvi ya kwetu haina huruma na kamera. Kuvu inatanda kwenye lenzi, skrubu zinaota kutu, sponji za kuzuia mwanga zinayeyuka na kunata vidoleni. Nilijifunza kwa kuharibu. Lakini ile siku unabonyeza kitufe na pazia lililoganda miaka kumi linafunguka na kufunga, chak! Jamani, moyo unaruka!

Majirani walinicheka. Walisema Hidaya kaolewa na kamera. Nami nilicheka nao, maana bado tulikuwa watu wa kuchekana.

Kupitia kundi moja la simu la wapenzi wa kamera ndipo nikamjua huyo ninayemwita Idrisa, mkazi wa Pongwe. Mtu wa miaka hamsini hivi, ameachana na mkewe, suruali imepigwa pasi, sauti ya upole kama imamu wa televisheni. Alikuwa mwanamume wa kwanza kuniita fundi. Wengine wote waliniita mama vitumbua! Wanaume wengine huja na khanga, yeye alikuja na springi na vioo alivyovitoa kwenye kamera mbovu, akisema "hii nimekuona wewe nilipoiona." Akaanza kuzungumzia posa. Nicheke ukitaka, lakini mwanamke wa miaka arobaini na sita naye ana moyo.

Sasa nije kwa Rukia... Hapa ndipo mkono wangu unapokuwa mzito.

Rukia si rafiki. Rukia ni shoga yangu tangu chuoni, tulisoma juzuu kwenye mkeka mmoja. Nyumba yake na yangu zinatazamana. Mume wangu alipolazwa, ni Rukia aliyelala sakafuni hospitali pamoja nami wiki mbili nzima. Na mama yake, marehemu Bi Zena, ndiye hasa aliyekuwa mpiga picha wa singo na ngoma za ndani, yeye na mikanda yake ya uzi mwekundu. Nje ya shughuli hizo, Bi Zena hakuonekana bila baibui. Alifariki kwa homa wiki tatu tu baada ya harusi ya Rukia. Ni miaka ishirini na mitano sasa.

Mwaka jana Salma, binti wa Rukia, aliposwa. Rukia akaenda Kigombe kwa kaka yake Mbwana kufukua sanduku la mama yao kutafuta vito vya kumpa bi harusi. Chini ya sanduku akaikuta kamera. Akaniletea imefungwa kwenye khanga. Aliniomba niifufue, ili singo ya Salma ipigwe picha kwa kamera ya bibi yake. Na mpiga picha niwe mimi! Si hivyo tu, akaniomba niwe somo wa Salma, yaani niwe ndiye nitakayemfunda mwanawe mambo ya ndoa. Kwetu huku, mtu hampi mwanamke yeyote tu kazi hiyo. Anampa anayemwamini kuliko ndugu wa damu.

Kabla sijafungua kamera, nilifanya alichonifundisha baba. Unazungusha taratibu kile kifundo cha kurudishia mkanda. Kikizunguka kirahisi, ndani ni tupu. Kikigoma, toa mkono, kuna mkanda. Kiligoma.

Nikavuka barabara pale pale kumwambia. Rukia aliketi kizingitini kama aliyekatwa miguu.

"Hidaya, hiyo ni singo yangu," akasema. "Mama alikufa hajaumaliza mkanda. Shoga, mie sina picha hata moja na mama. Kila siku alikuwa nyuma ya kamera yeye!"

Akalia, nami nikalia. Kisha akanishika mikono yote miwili akasema niusafishe, ila mwenyewe. Macho yangu na yake, basi. Hata Salma asione kabla yake. Nikaapa, wallahi, mbele ya mlango wake.

Niliagiza dawa Dar. Nikajifungia stoo mchana kweupe, nikaziba nyufa kwa matambara, nikautoa mkanda gizani kwa kupapasa tu. Nilitumia maji ya chupa kuusuuza, maana maji ya bomba nayajua uchafu wake. Ulikuwa wa rangi, lakini mkanda uliozeeka hivyo unaubembeleza kwa dawa za nyeusi na nyeupe au unaukosa. Nilipouinua mbele ya balbu, nikahesabu. Picha kumi na moja zilitoka!

Ya mwisho ndiyo iliyonimaliza. Kuna mwanamke alimnyang'anya Bi Zena kamera akampiga yeye. Bi Zena kichwa wazi, khanga kifuani, mabega nje, kinywa wazi kwa kicheko. Rukia amepakwa sandali uso mzima, kajiegemeza begani kwa mama yake.

Lakini mkanda si picha. Mashine ya baba ya kuchapia iliuzwa zamani, na siku hizi mkanda unaskaniwa kwa kompyuta. Nani ana mashine hiyo? Idrisa wa Pongwe! Ningeweza kuomba Rukia asubiri, nikanunua yangu. Ningeweza kumchukua Rukia tukaenda wote. Nilijidanganya kwa ujuzi wangu mwenyewe. Nikasema kwenye mkanda weupe unakuwa mweusi na weusi unakuwa mweupe, hata mtoto wa kumzaa hamtambui mama yake. Nikasema kazi nitafanya mwenyewe, yeye atakaa nje.

Na kweli alikaa nje! Alinionyesha pa kubonyeza, akatoka na birika lake la kahawa barazani, akawa anaongea kwa sauti na wapita njia ili nijue yuko mbali. Nikaskani. Nikachapa kumi, nikazitia kwenye bahasha. Nikazifuta zote kumi kwenye kompyuta. Mpaka hapo, msomaji, nilikuwa mwanamke mwaminifu.

Ikabaki ile ya kumi na moja, imejaa kioo kizima. Ilikuwa na mkwaruzo mmoja uliokata mkono wa Bi Zena. Nikaitazama... nikajitazama. Miaka ishirini na mitano sandukuni, karibu na bahari, na mimi mama vitumbua nimeitoa safi hivi! Nani angejua? Nani angenipigia makofi? Rukia angelia, lakini Rukia hajui ugumu wa kazi ile.

Nikamwita.

Hakuniomba. Hakuchungulia. Mimi mwenyewe kwa kinywa changu nilisema, "Idrisa, hebu njoo uone hii moja tu."

Alisimama nyuma yangu. Halafu akasema, "Fundi, hii dunia nzima inafaa kuiona."

Nikacheka! Naomba ulijue hilo pia, kwamba nilicheka, na nilifurahi, na uso ukaniwaka moto kama msichana. Akasema nimwachie aufute ule mkwaruzo, anao ujuzi huo, ataniletea imechapwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Nikamwachia. Siku ya pili akaileta kweli, safi, bila mkwaruzo.

Nilimpa Rukia picha zote kumi na moja. Alizitandaza kitandani akazibusu. Kisha akanibusu mikono. Nami nikayapokea yale mabusu na sikusema neno... Je, kama ningesema siku ile? Si angenitukana yakaisha? Najiuliza kila siku, na kila siku najijibu kwamba nilikuwa mwoga.

Miezi miwili ilipita. Harusi ikakaribia. Siku moja, baada ya adhuhuri, tulikuwa wanawake wanane uani kwa Rukia, tunachagua mchele na kutaniana. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa kaka Mbwana kutoka Kigombe, mtu mzima mwenye heshima zake, amevaa fulana ya ndani tu, amelowa jasho.

"Shikamoo kaka," nikasema.

Hakuitikia. Hata hakunitazama.

"Rukia," akasema, "mama yuko baa."

Tukadhani amerukwa na akili. Rukia akainuka kumpa maji, akayakataa. Akasimulia amesimama vile vile. Kaka Mbwana anauza pweza kwenye nyumba moja ya wageni ufukweni, upande wa Pangani. Siku zote hupitia jikoni. Siku hiyo mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa, wakamwambia apite mbele. Na huko mbele, ukutani, juu ya chupa za pombe, akamkuta mama yake mzazi. Mkubwa kama mlango. Kichwa wazi, khanga kifuani, anacheka. Wageni wanakunywa bia na kupiga naye picha. Chini yake limeandikwa jina la Idrisa.

Kaka Mbwana alipanda juu ya meza, akavua shati lake, akamfunika mama yake. Walimshusha kwa nguvu. Akapanda pikipiki hivyo hivyo mpaka Tanga.

Wanawake walimtazama kaka Mbwana. Rukia peke yake alinitazama mimi.

Hakupiga kelele. Natamani angepiga! Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hidaya, mlikuwa wangapi?"

Nikasema nilikuwa mimi, ni mimi niliyesafisha, nilikuwa peke yangu stoo...

"Nakuuliza, mlikuwa wangapi?"

Nikainamia ungo wangu. Mwanamke aliyekaa jirani yangu alivuta ungo wake wa mchele, akasogea mbali nami. Mwingine akasogea. Nikatoka uani kwa Rukia nikiwa nimebeba viatu mkononi, sikumbuki kwa nini sikuvivaa.

Nilichukua bodaboda mpaka Pongwe. Nilimkuta Idrisa barazani, na kahawa yake, na suruali yake ya pasi! Nilimtukana matusi ambayo mhariri hawezi kuyachapa. Yeye alitabasamu. Alisema hiyo ni sanaa, kwamba bibi wa watu kapendeza na wazungu wanamsifu, na kwamba sisi watu wa Pwani tunapenda kufanya makubwa kwa vitu vidogo.

"Si mama yako!" nikampigia kelele.

"Wala si wako," akajibu. "Na wewe ndo uliyeniita, Hidaya. Mimi nilikuwa nje, nakunywa kahawa yangu."

Nilimtemea mate miguuni. Mwenyezi Mungu atanihukumu kwa hilo, sijali. Namchukia mtu yule kuliko nilivyopata kumchukia kiumbe. Ila kinachonichoma zaidi ni kwamba neno lile lilikuwa kweli.

Kaka Mbwana na wazee wa msikiti walikwenda, picha ikateremshwa. Lakini wageni walikuwa wameshaipiga, na ilishazunguka kwenye simu mpaka ikarudi mtaani kwetu. Vijana wa kijiweni wakamwona Bi Zena. Mwanamke ambaye baba yangu, mwenye studio, aliondoka chumbani ili asimwone!

Siku ya tatu Rukia alivuka barabara. Alikuja na sinia, mkasi, na bahasha ya zile picha. Moyo ukanidunda kwa furaha, nikadhani amekuja kunigombeza. Akaketi kwenye kigoda changu cha vitumbua akaniomba mkanda. Nikamletea. Akanipa mkasi.

"Ukate wewe," akasema.

Nikaukata. Moja moja, vipande vidogo vidogo, ndani ya sinia, naye anatazama. Picha zenyewe alizitia mkaani kwenye jiko langu. Nilipofika kwenye ile ya mwisho nikapiga magoti. Nilimwambia, Rukia nakuomba, hii ndiyo picha pekee uliyonayo na mama yako. Nipige, nifukuze, lakini hii usiniambie niikate.

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba.

"Ilikuwa pekee ilipokuwa yangu," akasema. "Sasa wanayo walevi. Mie ndo sina. Kata."

Nikakata.

Aliinuka na sinia lake. Kamera ilikuwa mezani, nimeisafisha, inafanya kazi vizuri kabisa. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema nibaki nayo, maana naona naipenda kuliko watu.

Salma alisingwa bila mimi. Somo wake alikuwa mwanamke mwingine, wa mtaa wa nyuma. Nilikaa ndani madirisha yamefungwa, nasikia vigelegele vile vinapita ukutani. Mlangoni waliweka kapu kubwa, kila mwanamke atie simu yake humo kabla ya kuingia. Nimeambiwa msichana mmoja aliuliza kwa nini, akajibiwa, "Hujasikia ya Hidaya?" Kapu hilo sasa limekuwa desturi hapa mtaani. Kila shughuli, kila mlango, na kila mara jina langu linatajwa.

Ndugu wasomaji, hasa nyinyi mnaopenda kamera za kale kama mimi, nawasihi. Ukipewa kamera ya mtu na kifundo kikagoma, jua umeshika nyumba ya mtu na waliomo ndani hawajui kama mlango uko wazi. Ukiambiwa macho yawe ya watu wawili, yawe ya wawili. Na siku utakayojisikia hamu ya kumwita mtu aje aone ulivyo hodari, jing'ate ulimi mpaka utoke damu! Msiogope wanaochungulia tu. Jiogopeni nyinyi mnaotaka kusifiwa.

Mnajiuliza kama Rukia amenisamehe. Nilimfuata siku ya Idd kumwomba radhi, nikamkuta mlangoni kwake. Aliitikia salamu. Akasema ameshasamehe, kwa ajili ya siku yenyewe. Akaingia ndani, akatoka na biriani yangu.

Tangu tuolewe, sahani zake na zangu zimekuwa zikivuka barabara ile. Sahani ya jirani kwetu hairudi tupu. Anakupa wali, unamrudishia na maandazi, naye anarudisha yako na samaki, na kwa njia hiyo mlango haufungwi. Sahani zangu tatu bado ziko kabatini kwake mpaka leo.

Biriani ya Idd alinipa kwenye sahani ya karatasi, zile za kutupa. Nilisimama barabarani nimeishika, moto unapenya mpaka viganjani, na nikaelewa. Nawaomba, msije mkafanya jambo la kuwafikisha hapo... kuletewa chakula na mtu umpendaye, kwenye sahani asiyotaka umrudishie.